Mkalimani Aliyestaafu: Kubadilisha Toleo la Python katika Kompyuta ya Linux

Maelezo yaliyotolewa na maofisa wa Elimu kwa Watumiaji mbele ya makatibu wa vyama vya ushirika vya msingi, walimu wa kompyuta, mafundi na wafanyabiashara wadogo, mjini Moshi.

 

Tuanze na mlima. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro, na huduma hiyo ikafika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi akitua mzigo wake pale anaweza kuwatumia picha watu wa nyumbani kabla hajanywa chai. Lakini tukishuka kutoka Horombo hadi kwenye ofisi, shule na maduka yaliyo katikati ya migomba ya Machame, Kibosho, Uru na Marangu, tunakuta kompyuta ambazo mtandao umezifikia vizuri, ilhali programu zilizomo zinategemea kitu ambacho watengenezaji wake walikiacha tangu tarehe 1 Januari 2020. Kitu hicho ndicho kilichotuleta hapa.

Wengi wenu mnatumia Linux, na hasa ile aina yake iitwayo Ubuntu, kwa sababu fundi aliiweka katika kompyuta ya mtumba na hapakuwa na leseni ya kununua. Hatuji kuwalaumu. Linux ni programu huria, na Waswahili wana historia yao katika programu huria: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili tupu. Tunachosema ni kwamba kitu kisicho na bei bado kina matunzo, na matunzo hayo yana tarehe zake.

Programu inayotunza hesabu za kahawa, za ada ya shule au za duka lako imeandikwa kwa lugha ambayo kompyuta yenyewe haiielewi. Katikati ya programu na kompyuta yupo mkalimani, ambaye husoma mstari mmoja baada ya mwingine na kuieleza mashine la kufanya. Lugha ya Python, iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991, ina mkalimani wa jina hilohilo. Java, PHP na Node nazo zina nyenzo zao za kuziendesha, na mengi tutakayosema leo yanazihusu pia. Tumechagua Python kwa sababu moja: Ubuntu yenyewe humtumia mkalimani huyu kwa kazi zake za ndani. Yumo katika kila kompyuta ya namna hiyo, hata kama mwenye kompyuta hajawahi kulisikia jina lake.

Mkalimani akikoma kuhudumiwa na watengenezaji wake, hafi siku hiyo. Huamka asubuhi na kufanya kazi kama jana, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kinachokoma ni marekebisho. Mwanya wa kiusalama ukigunduliwa kesho, hakuna atakayeuziba, na wezi wa mtandao husoma taarifa za mianya hiyo kama sisi tunavyosoma bei za mnada wa kahawa.

Python 2 ilitoka mwaka 2000. Python 3 ilitoka mwaka 2008, nayo kwa makusudi haikuafikiana na ile ya zamani katika mambo kadhaa. Watengenezaji walisema kwanza kwamba wangemstaafisha mkalimani wa zamani mwaka 2015. Wakaona dunia haijawa tayari, wakaongeza miaka mitano. Walitoa, basi, muda wa zaidi ya miaka kumi na mmoja. Hata hivyo programu za Python 2 zingali zinafanya kazi, kwa sababu mwanafunzi aliyeiandikia ofisi programu wakati wa mafunzo kwa vitendo alikwisha kuhitimu na kwenda zake, na aliyebaki nayo hakuambiwa kwamba ina umri.

Katika tofauti zote kati ya matoleo haya mawili, ipo moja tunayoomba mtuvumilie tuieleze kwa kirefu, kwa maana inagusa fedha. Ni kugawanya.

Katika Python 2, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, jibu ni namba nzima, na kinachosalia hutupwa kimyakimya. Saba kwa mbili ni tatu. Katika Python 3, saba kwa mbili ni tatu na nusu, kama tulivyofundishwa shuleni.

Sasa tuseme chama kina shilingi 4,500,000 za malipo ya pili, na wanachama wake walileta kilo 8,200 za kahawa ya maganda. Kwa hesabu ya kawaida kila kilo inastahili shilingi 548 na senti 78. Programu ya Python 2, isipokuwa mwandishi wake aliweka tahadhari, itasema 548. Wanachama wote watalipwa jumla ya shilingi 4,493,600, na shilingi 6,400 zitabaki katika akaunti bila jina la mtu. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata aliyekosea kuandika. Mkaguzi akiziona, katibu hana maelezo. Asipoziona, msimu ujao zitabaki nyingine.

Fikirini sasa kwamba katikati ya malipo hayo fundi anaweka toleo jipya bila kukagua hesabu. Mzee mwenye kilo 120 aliyelipwa Jumatatu alipata shilingi 65,760. Jirani yake mwenye kilo 120 zilezile, akilipwa Alhamisi, programu itamwandikia 65,853 na senti 66. Tofauti haifiki shilingi mia moja. Lakini sisi sote tunajua nini hufuata pale wazee wawili wenye uzito sawa wanapolinganisha karatasi zao kilabuni. Katika ushirika imani hupotea kwa mia moja hiyohiyo, wala haihitaji milioni.

Mtauliza ni yupi kati ya wakalimani hawa aliye sahihi. Kwa hesabu, ni wa pili. Kwa maoni yetu, hata hivyo, si kazi ya mkalimani yeyote kuamua senti zinakwenda wapi. Hilo ni jambo la mkutano wa wanachama: tunapunguza hadi shilingi nzima, na salio linaingia mfuko gani? Likishaamuliwa na kuandikwa katika muhtasari, mwandishi wa programu ataliweka ndani ya msimbo waziwazi, na toleo la Python halitakuwa na la kusema.

Tuje kwenye ajali ambayo tumeiona kwa macho yetu. Katika ofisi moja ya chama, ambayo hatutaitaja, palikuwa na kompyuta ya Ubuntu 18.04. Katibu alitaka programu mpya iliyohitaji Python mpya zaidi. Akaitwa fundi kutoka mjini, kijana mwenye nia njema, ambaye aliona ni usafi kuondoa kwanza Python iliyokuwepo kisha aweke mpya. Akaandika amri ya kuondoa. Kompyuta ikamwonyesha orodha ndefu ya vifurushi vitakavyoondoka pamoja nayo (hivi si vile vifurushi vya simu, ni vipande vya programu vinavyoijenga Linux) na ikamuuliza kama ana hakika. Hakuisoma orodha. Akabonyeza herufi ya kukubali.

Ndani ya orodha ile kulikuwa na vitu vinavyoleta sura ya kioo, madirisha na menyu, kwa sababu vyote vilimtegemea mkalimani aliyekuwa anafukuzwa. Kompyuta ilipowashwa tena, ilionyesha kioo cheusi chenye maandishi meupe. Kumbukumbu za wakulima zilikuwa salama kwenye diski, lakini ofisini hakuwepo mtu wa kuzifikia. Kwa wiki mbili kahawa ilipimwa na kuandikwa kwenye daftari, na malipo yakasubiri ilhali wazazi walikuwa wanadaiwa ada. Daftari ndilo lililookoa msimu, nasi hatuoni haya kulisema hapa: chama chenye kompyuta kisilitupe daftari lake la mizani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba Python iliyokuja na Ubuntu ni mali ya Ubuntu. Haiondolewi, wala haibadilishwi kwa kuweka nyingine mahali pake. Programu yako ikihitaji mkalimani mwingine, huwekwa pembeni, na programu hupewa chumba chake ndani ya nyumba ileile. Mafundi wanaijua amri yake, «python3 -m venv», nayo hujenga mazingira ya pekee ambamo nyongeza za programu hiyo hukaa bila kugusana na za mfumo. Matoleo mapya ya Ubuntu, kama 24.04, yamejifunza kujilinda: fundi akijaribu kumwaga nyongeza ovyo katika Python ya mfumo kwa kutumia pip, hukataliwa. Ipo njia ya kulazimisha, nayo ni kuongeza maneno «--break-system-packages». Maana ya maneno hayo ni «vunja vifurushi vya mfumo», na waliyoyaweka hawakuficha lolote. Mteja usiyejua kompyuta, kariri umbo la maneno hayo. Ukiyaona kwenye kioo cha kompyuta yako, mwombe fundi asimame kwanza akueleze.

Kabla ya yote lakini, jueni mlicho nacho. Fungueni dirisha la amri, mwandike «lsb_release -a», kisha «python3 --version», na majibu yote mawili yaandikwe nyuma ya daftari la ofisi pamoja na tarehe. Ubuntu 20.04 huja na Python 3.8, 22.04 huja na 3.10, na 24.04 huja na 3.12. Watengenezaji wa Python huhudumia kila toleo kwa miaka mitano hivi: 3.8 ilikoma Oktoba 2024, 3.10 inakoma Oktoba 2026, na 3.12 Oktoba 2028. Ila kama Python yako ni ileile iliyokuja na Ubuntu, watu wa Ubuntu huendelea kuiziba mianya yake kwa muda wote wanaolihudumia toleo lao, nao pia huhesabu miaka mitano ya kawaida. Ubuntu 18.04 ya ofisi ile tuliyoisimulia ilimaliza miaka yake 2023, na 20.04 ikamaliza 2025. Ya 22.04 inafika 2027 na ya 24.04 inafika 2029. Anayetoka 18.04 hawezi kuruka moja kwa moja hadi juu; hupanda kituo kwa kituo, 20.04 kisha 22.04, kama mtu anayepanda mlima huu kwa akili. Na mwenye programu ya Python 2 ajue kwamba kituo cha 24.04 hakina tena mkalimani huyo katika ghala lake.

Nakala ya akiba hutangulia. Si faili moja kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile. Ni nakala mbili, moja ikalale nyumba nyingine, kwa sababu radi na mwizi hawachagui. Na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, sisi hatuihesabu kuwa nakala.

Kuhusu kuihamisha programu yenyewe kutoka Python 2 kwenda 3, kipo chombo kiitwacho 2to3 ambacho hupitia msimbo na kurekebisha tofauti nyingi za maandishi. Fundi akikuambia amekitumia na kazi imekwisha, mkumbushe jambo moja: chombo hicho hakigusi kugawanya. Programu itawaka, itafunguka, itachapa risiti nzuri, na hesabu zitakuwa zimebadilika. Kipimo tunachokishauri ni rahisi na hakihitaji ujuzi wa kompyuta. Chukueni kumbukumbu za msimu uliopita, mziingize katika programu ya zamani na katika programu mpya, mchape orodha za malipo kutoka pande zote mbili, kisha katibu na mjumbe mmoja wa bodi wakae na rula na kalamu wapitie jina kwa jina. Panapotofautiana, fundi aeleze kwa nini kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya ujira wake.

Wakati wa kufanya kazi hii nao una maana. Kahawa ya mteremko huu hukusanywa kuanzia Julai hivi hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Msiguse kompyuta ya mizani katika miezi hiyo. Miezi ya masika ndiyo yenye nafasi, ingawa masika ina kero yake ya umeme kukatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, vifurushi hubaki nusu njia. Tumieni kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, au kifaa cha kutunza umeme. Ikikatika hata hivyo, fundi asikimbilie kufuta na kuanza upya. Aghalabu amri ya «sudo dpkg --configure -a» humalizia kazi pale ilipoishia. Andaeni pia bando la kutosha, kwa kuwa kupandisha toleo la Ubuntu huweza kuzidi gigabaiti moja, na bando likiisha katikati hali si njema.

Sasa tuseme na mnunuzi. Ukinunua pampu ya dawa ya mikahawa unauliza vipuri vinapatikana wapi. Ukinunua programu, uliza hivyohivyo: inaendeshwa na mkalimani gani, toleo namba ngapi, na anastaafu lini? Majibu yaingie katika mkataba, hata mkataba wa ukurasa mmoja. Iandikwe kwamba msimbo chanzo ni wa mteja na atakabidhiwa, pamoja na orodha ya nyongeza zote zinazotumika na matoleo yake. Tumekutana na wateja waliolipia programu kwa fedha za wanachama lakini hawana hata herufi moja ya msimbo wake. Mwandishi akihama mkoa, wamebaki na kasha lililofungwa. Na iandikwe nani atapandisha toleo, na kwa malipo gani, tarehe itakapofika. Mafundi msikasirike. Mteja anayejua kwamba kazi ya mwaka wa tano ina malipo yake ni bora kwenu kuliko anayekupigieni simu usiku akidhani ni msaada wa bure.

Lipo pia la sheria. Kompyuta ya chama ina majina, namba za simu na akaunti za benki za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sidhani, na wenzangu wananiunga mkono, kwamba mtu atajitetea vizuri kwa kusema taarifa zilivuja kupitia mkalimani aliyeachwa tangu 2020 kwa kuwa programu ilikuwa bado inafunguka.

Mwishoni tuliulizwa swali na mama mmoja mwenye duka la pembejeo, nasi tunaliweka hapa kwa faida ya wasomaji wa kijitabu hiki. Alisema kompyuta yake haijaunganishwa na intaneti hata siku moja. Je, naye anahusika? Tulimjibu kwamba hatari ya wezi wa mbali kwake ni ndogo kweli, ingawa flashi za watu huingia na kutoka. Hatari yake kubwa ni nyingine: siku kompyuta ile itakapokufa, atanunua nyingine, fundi ataweka Ubuntu ya wakati huo, na programu yake ya Python 2 haitapata mkalimani wa kuisoma. Kwa hiyo ana muda kuliko wenzake. Ahamishe programu wakati mashine ya zamani ingali hai, ili zile orodha mbili za kulinganisha ziweze kuchapwa.

Meza yetu itabaki nje ya ukumbi hadi saa kumi jioni. Mwenye kompyuta ya mapajani aje nayo tumsomee namba za matoleo yake. Mwenye kompyuta ya mezani aje na daftari tumwandikie zile amri mbili.